Filamu za kutafsiriwa: Mwizi ni nani?

Yapo maneno yanayosemwa siku hizi katika ofisi za mjini Bukoba na katika vyumba vya walimu huko Muleba, nayo husemwa kwa sauti ya hukumu. Husemwa kwamba vijana wetu wamekuwa wezi wa filamu. Wanakwenda vibandani na flashi mkononi, wanaingiziwa katuni za Kijapani ambazo hakuna aliyemlipa mwenyewe hata senti moja, kisha wanarudi nyumbani kuzitazama bila aibu. Mbona njia halali ipo, wanauliza wasemaji hawa. Mbona zipo kampuni zinazoonyesha katuni hizo kwa intaneti, mtu akalipa ada yake ya mwezi na kutazama kwa amani?

Swali hili ni la haki, nalo linastahili jibu. Lakini jibu la haki haliwezi kupatikana kwa kumtazama kijana peke yake. Hapana budi tuwatazame wote wanaohusika: mtunzi aliyechora, mfanyabiashara anayeuza, mfasiri aliyetia Kiswahili, mwenye kibanda anayenakili, na hata sisi wenyewe tunaohukumu. Tukifanya hivyo tutaona kwamba neno "mwizi" limegawiwa kwa upendeleo mkubwa.

Kwa wasiozifahamu, katuni hizi, ambazo Wajapani huziita anime, si vichekesho vya watoto wadogo tu. Ni hadithi ndefu zenye ukoo, vita, usaliti na urafiki. Naruto ilianza kuonyeshwa nchini Japani mwaka 2002, na pamoja na sehemu yake ya pili ikaendelea hadi mwaka 2017. One Piece ilianza mwaka 1999 na ilivuka vipindi 1,000 mwaka 2021. Kijana anayefuata hadithi ya namna hiyo anafuata jambo refu kwa subira, kama vile babu zetu walivyokesha wakimsikiliza mpiga nanga akisimulia habari za wafalme na mashujaa wa Buhaya usiku kucha. Tusimdharau kwa hilo.

Hadithi hizo humfikia kijana huyu kwa njia mbili. Ya kwanza ni njia rasmi: kampuni yenye leseni, ada ya kila mwezi, na intaneti ya kutosha. Ya pili ni njia ya mashabiki. Mtu fulani, mahali fulani, ameipata katuni, ameiwekea maandishi ya tafsiri chini ya picha au amesimulia kwa sauti yake juu yake, kisha ameiachia isambae. Inafika kibandani ikiwa ndani ya kompyuta ya kijana mwenzake, naye huinakili kwa malipo madogo. Katika Mkoa wa Kagera ipo hata ile inayovuka Mutukula ikitoka Uganda, ikiwa imesimuliwa kwa Kiganda, kwa maana watu wa huko wamekuwa wakisimulia filamu za kigeni kwa lugha yao tangu miaka ya 1980, na wengi wa huku kwetu wanakielewa Kiganda.

Sasa na tuitazame njia rasmi kwa macho ya kijana wa Nshamba au Kamachumu, tukiacha macho ya ofisa mwenye mshahara na kadi ya benki. Kampuni kubwa ya katuni hizi duniani inaitwa Crunchyroll. Kampuni hiyo hutoa tafsiri kwa Kiingereza, Kihispania, Kireno, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano, Kiarabu na lugha nyingine. Kiswahili hakimo. Kijana wetu anaambiwa alipe kwanza, kisha asome kwa Kiingereza. Akiwa hana kadi, atafute. Akiwa hana bando la kutosha, anunue, na bando likiisha katikati ya kipindi, hiyo ni shauri yake. Hivi ndivyo ilivyo njia halali tunayomsukumia.

Watetezi wa kampuni watasema kwamba soko la Kiswahili ni dogo. Je, ni kweli? Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu Watanzania zaidi ya milioni 61. Wananchi wa Italia hawafiki milioni 60. Mtaliano ametafsiriwa, Mtanzania hakutafsiriwa. Na Kiswahili si cha Tanzania pekee. UNESCO, ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, ilikihesabu miongoni mwa lugha zenye wasemaji wengi duniani, zaidi ya milioni 200. Basi wasituambie habari za idadi. Wakisema kweli, watasema kwamba Mtaliano ana fedha nyingi kuliko Mwafrika, na kwamba wao hawaoni faida ya kujishughulisha na senti zetu. Hiyo ni hesabu ya biashara, nao wana uhuru wa kuifanya. Lakini mfanyabiashara aliyekataa kufungua duka kijijini hana sauti kubwa ya kulalamika kwamba wanakijiji hawaji dukani kwake.

Wana-Kagera wanaelewa jambo hili kuliko wengi. Kwa miaka mingi kahawa yetu imekuwa ikivuka mpaka kwa magendo kwenda Uganda, na nyingine ikauzwa kwa butura, yaani ingali mtini kabla haijaiva. Viongozi wamekemea, doria zimewekwa, watu wamekamatwa. Lakini kila aliyeichunguza kadhia ile kwa moyo mweupe alikiri kwamba doria peke yake haitoshi maadamu bei ng'ambo ya pili ni nzuri na malipo ya huku yanachelewa. Hali kadhalika, wale waliokuwa na umri wa kupanga foleni mwaka 1983, wakati wa operesheni dhidi ya wahujumu uchumi, wanakumbuka kwamba mlanguzi alikamatwa na bado sukari haikuonekana katika duka la ushirika. Kumkamata mlanguzi ni jambo moja. Kulijaza duka ni jambo la pili. La kwanza bila la pili ni kazi bure.

Tuwageukie sasa mahakimu wenyewe. Je, ni wangapi miongoni mwetu, watumishi wa umma, ambao kompyuta ya ofisi imewapakulia tamthilia za Kimarekani na za Kikorea kwa intaneti inayolipiwa na wananchi? Ni wangapi tunaobadilishana filamu kwa flashi baada ya saa za kazi, tena filamu za Kiingereza ambazo zingeweza kulipiwa kwa kadi tuliyo nayo mfukoni? Na sisi walimu, ni mara ngapi kitabu kimoja cha fasihi kimenunuliwa na shule, kisha kikatolewa kopi kwa darasa zima? Mtunzi wa kitabu hicho si Mjapani wa mbali. Ni Mtanzania mwenzetu, na kitabu chake kimeandikwa kwa Kiswahili, na kipo dukani. Kisingizio cha kijana wa kibandani, kwamba anachokitaka hakiuzwi kwa lugha yake, hapa hakipo kabisa. Kama tunatafuta mwizi wa kuanza naye, basi na tuanzie chumba cha walimu.

Haya hayasemwi ili kumtakasa kila mtu. Ipo kambi nyingine, nayo imekosea vilevile. Hiyo ni kambi ya wale wasemao: "Wajapani ni matajiri, hawatapungukiwa." Huu ni uvivu wa fikra. Japani ni nchi tajiri, lakini anayechora picha moja moja zinazoifanya katuni itembee si nchi, ni mfanyakazi. Inafahamika kwamba wachoraji wa ngazi ya chini katika kazi hiyo wamekuwa wakilipwa ujira mdogo, wengi wao kwa kuhesabiwa idadi ya picha walizochora, huku wakifanya kazi hadi usiku wa manane. Mvuja jasho wa Tokyo na mvuja jasho wa Muleba ni ndugu. Mtu anayejigamba kwamba hamlipi tajiri, huenda ni huyu mchoraji ambaye hamlipi.

Tena mwenye kibanda naye asijifiche nyuma ya mfasiri. Mara nyingi watu huwachanganya wawili hawa, na ndipo haki inapopotea. Mfasiri ametoa kitu chake: ameketi, amesikiliza, amefikiri neno gani la Kiswahili litabeba utani wa Mjapani, ametumia sauti yake na ulimi wake. Mwenye kibanda amebonyeza kitufe. Na mara nyingi mwenye kibanda amemwibia hata huyo mfasiri, kwa kuwa sauti iliyorekodiwa Dar es Salaam inauzwa Bukoba bila mwenye sauti kujua wala kupata chochote. Hapa pana jasho la watu wawili, la mtunzi na la mfasiri, na mrija mmoja unaolifyonza lote.

Kazi ya mfasiri si jambo la mchezo katika nchi hii. Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Ikulu na mzigo wote wa Taifa mabegani, alipata wakati wa kumtafsiri Shakespeare: Julius Caesar ukachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ukafuata mwaka 1969. Kati ya miaka hiyo, mwaka 1967, likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Maana ya hayo yote ilikuwa moja: kwamba Mtanzania hatakiwi kuazima lugha ya mwingine ndipo aonje mema ya dunia. Jambo hilohilo likafanywa baadaye na watu wasio na cheo, katika vibanda vyenye mabenchi ya mbao. Lufufu, ambaye jina lake ni Derek Gaspar Mukandala, alivuma nchini kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili chenye chumvi na mifano ya kwetu, hata mtu asiyejua neno moja la Kiingereza akacheka na kulia mahali panapostahili. Hakuwa na barua ya uteuzi. Alikuwa na watazamaji.

Na kama kuna mtu anayefikiri kwamba Kiswahili hakiwezi kuleta watazamaji kwa njia halali, historia ya karibuni inamsuta. Mwaka 2011 Shirika la Utangazaji Tanzania lilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Baada ya hapo Azam TV ikaleta tamthilia za Kituruki zenye sauti za Kiswahili, na nyumba nyingi zikawa zinasubiri saa yake. Watu hao hao wanaoitwa wezi waliketi wakatazama kwa njia rasmi, kwa sababu njia rasmi ilizungumza nao.

Hata kampuni zinazohubiri uhalali leo zina historia ambayo hazipendi kuisimulia kwa sauti. Crunchyroll ilipoanzishwa mwaka 2006 huko California, ilikuwa ni mahali ambapo mashabiki walipandisha katuni zilizotafsiriwa na mashabiki, bila leseni. Ilipoonekana kwamba watazamaji ni wengi, ikatafuta mikataba na wenye mali huko Japani, na tangu mwaka 2009 ikasimama upande wa sheria. Mwaka 2021 ikanunuliwa na Sony kwa zaidi ya dola bilioni moja. Maana yake ni kwamba jasho la mashabiki waliotafsiri bila malipo ndilo lililoonyesha kwamba soko lipo. Mfanyabiashara alipita njia iliyofyekwa na mashabiki, kisha akaweka lango.

Hata hivyo mashabiki wa zamani wana jambo moja la kutufundisha. Katika miaka ya 1980 na 1990, mashabiki wa Marekani waliokuwa wakitafsiri katuni hizi kwenye kanda za video walijiwekea kanuni, ambayo wengi wao waliiheshimu: siku katuni inapopata leseni ya kuuzwa nchini mwao, kanda zao husimama. Walisema kazi yao ni kuziba pengo, na pengo likizibwa na mwenyewe, wao huondoka. Kanuni hiyo haikuandikwa na bunge lolote, lakini ina uadilifu ndani yake. Vijana wetu wanaweza kuichukua.

Sheria yetu, lazima isemwe wazi, haiko upande wa kibanda. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999. Kwa sheria hizo, haki ya kutafsiri ni ya mtunzi, na hakuna aachiwaye aichukue kwa kuwa tu mtunzi yuko mbali. Lakini dunia yenyewe ilikwisha kukiri kwamba haki hii ikishikwa kwa ukali inaweza kuyafungia mataifa machanga mlango wa elimu. Mkataba huo ulipofanyiwa marekebisho mjini Paris mwaka 1971, uliwekewa kiambatisho kinachoziruhusu nchi zinazoendelea, kwa masharti, kutoa leseni za tafsiri kwa ajili ya kufundishia, usomi na utafiti hata pale mwenye haki asipojali. Kiambatisho hicho hakigusi filamu za burudani. Kinachotuhusu ni busara iliyomo: mwenye haki anayo haki yake, na msomaji aliyeachwa nje naye ana hoja yake.

Basi ifanyike nini? Kwanza, wenye kampuni waambiwe bila kupepesa macho kwamba anayetaka heshima ya hakimiliki Afrika Mashariki auze kwa Kiswahili. Auze kwa malipo ya simu, ambayo hata bibi wa kijijini anayatumia tangu zamani. Auze kwa siku na kwa juma, kwa senti ambazo mtu wa kipato cha msimu wa kahawa anaweza kuzitoa. Wafasiri hawahitaji kuwatafuta mbali. Wapo tayari, wamekwisha kujifunza kazi, na wanachohitaji ni mkataba.

Pili, vyombo vyetu vya umma viache kukutana na watu hawa siku ya msako tu. COSOTA, Bodi ya Filamu na BAKITA vikiketi meza moja vinaweza kuunda utaratibu wa leseni ya pamoja: wenye haki wa nje wapate mtu mmoja wa kuzungumza naye, mfasiri atambuliwe kwa jina na kulipwa kwa kazi yake, na mwenye kibanda alipe ada ndogo inayojulikana badala ya kulipa faini asiyoitarajia. Sheria yetu imekwisha kuweka tozo ya hakimiliki juu ya vifaa vinavyotumika kunakili kazi. Kijana anayenunua kifaa cha namna hiyo Bukoba amebeba sehemu ya mzigo huo bila kujua. Ni haki sehemu ya fedha hiyo ilipie tafsiri halali atakayoitazama.

Tatu, mashabiki nao wajifunge kwa kanuni. Katuni ikianza kuuzwa rasmi kwa Kiswahili na kwa bei ya mtu wa kawaida, nakala ya kibandani ife siku hiyo hiyo. Na kazi ya msanii wa Tanzania isiguswe kamwe, leo wala kesho, kwa maana yeye amekwisha kutuuzia kwa lugha yetu na hana pa kukimbilia. Serikali iliweka stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013 kwa sababu hali ya wasanii wetu ilikuwa imefikia pabaya. Anayenakili filamu ya Kitanzania na kuitaja Japani kama kisingizio, huyo ni mwizi, nasi tusione haya kumwita hivyo.

Nne, sisi walimu na watumishi. Mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha tano na cha sita anafundisha mada ya tafsiri na ukalimani. Ukimkuta mwanafunzi anayeandika Kiswahili chini ya maneno ya Kijapani, mbele yako umekuta mwanafunzi wa mada hiyo anayejifunza bila kushurutishwa. Mtoto akitoroka darasa kwenda kibandani, aadhibiwe kwa utoro wake, wala utoro usichanganywe na tafsiri. Mfundishe sheria, mfundishe kumtaja mtunzi, mfundishe kwamba jasho halina rangi wala taifa. Lakini somo hilo halitamwingia kama limeandikwa kwenye kopi ya kitabu kilichoibwa, wala onyo la ofisa halitakuwa na uzito kama kompyuta yake ya ofisi bado inapakua.

Mtunzi alipwe. Mfasiri alipwe. Na kijana wa Muleba auziwe kwa lugha anayoielewa na kwa bei anayoimudu. Siku hayo matatu yatakapotimia, atakayebaki kibandani akinakili bila kulipa hatakuwa na mtetezi, na sisi tutakaomwita mwizi tutakuwa na haki ya kulitamka neno hilo.